Leparua: Chombo cha Kazi au Chombo cha Roho?

Sisi watu wa pwani tukilisikia jina la Isiolo mara nyingi hukumbuka ngamia, miraa ipitayo kwenda kaskazini, na wale Wasomali waliopewa makao huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kwa kuwa walipigana upande wa Mwingereza. Lakini miaka hii jina hilo limetusogelea. Tarehe 2 Machi 2012, ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET kule Lamu, tuliambiwa kwamba bandari yetu itaungwa na Isiolo kwa barabara, reli na bomba la mafuta. Gati ya kwanza ya Lamu ilianza kazi mwaka 2021. Reli na bomba bado ni maneno ya karatasini. Hata hivyo kuna kitu kimoja kilichoenea pwani na bara bila ya kungojea mradi wowote, nacho ni pikipiki.

Msomaji asidhani kwamba nataka kuhubiri juu ya ajali na utovu wa adabu wa vijana wa boda boda. Hayo yameandikwa mpaka wino umekauka. Ninalotaka kulizungumza ni jambo dogo ambalo kwa hakika si dogo: mtu anapokuwa na fedha za kununulia chombo kimoja tu, na chombo hicho ndicho kitakachompeleka kazini na kumrudisha kila siku ya Mungu, achukue kile akili inachomwambia au kile roho inachokitaka? Katika mji kama Mombasa akikosea atapanda matatu. Kuna mahali ambapo akikosea hana pa kukimbilia, na kwa sababu hiyo nimeitwaa Leparua kuwa mfano.

Leparua ni eneo la wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, limepakana na hifadhi ya wanyama ya Lewa. Wanakaa huko Wamasai, Waturkana na jamaa wengine wa ufugaji, na ndovu nao huhesabiwa kuwa majirani, maana hupita watakapo. Lami ya barabara kuu iendayo Moyale haigeuki kuingia kwao. Njia ni vumbi, mawe, miba ya migunga, na zile laga, yaani mito ya mchanga ambayo haina maji hata tone mpaka inyeshe mvua, kisha kwa saa chache huwa haivukiki. Mchuuzi wa maziwa, mwalimu, mwenye duka, askari wa wanyama, mama mwenye mtoto mgonjwa, kila mmoja wao ana haja mjini Isiolo, na baina yake na mji ipo njia hiyo.

Zamani haja hiyo ilikwenda kwa miguu, au kwa punda, au kwa kungojea lori. Ikaja baiskeli, ile nyeusi nzito ambayo Kenya nzima iliiita Black Mamba. Neno lenyewe boda boda ni la baiskeli, lilizaliwa mpakani Busia, watu walipokuwa wakivushwa baina ya Kenya na Uganda wakiwa wamekaa kwenye kerieri. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki zenye injini ndogo, chini ya cc 250, kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo mlango haukufungika tena. Halafu likaja lile kaskazi la njaa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe watano alianza kujiuliza kama si afadhali awauze wangali hai akanunua kitu kisichokula majani. Basi mali ya zizi ikawa inageuka kuwa mali ya magurudumu mawili, na mgeuko huo unaendelea mpaka leo.

Haya, tuingie sokoni. Pikipiki mpya ya kawaida inauzwa zaidi ya shilingi laki moja na nusu, nayo ni thamani ya ng'ombe watatu au wanne wazima wakati soko liko zuri. Zinazotawala ni za Kihindi. Kuna Boxer ya kampuni ya Bajaj kutoka Pune, na kuna TVS, zote mbili za injini ya silinda moja, za cc 100 mpaka 150. Ni vyombo visivyo na uzuri wa kutajwa. Tangi kama kibuyu, kiti kirefu, springi mbili nyuma, kerieri ya chuma. Betri ikifa huwashwa kwa teke. Spea zake zimejaa mjini, na fundi yeyote chini ya mti huifungua na kuifunga huku akizungumza habari nyingine. Mitungi ya maji ya lita ishirini hubeba, magunia hubeba, mbuzi aliyefungwa miguu hubeba, na abiria wawili ambao sheria hairuhusu pia hubeba.

Upande wa pili kuna zile pikipiki ndefu, za matope na milima. Watu wa makamo wanazikumbuka Yamaha DT na Suzuki TF zilizokuwa zikiendeshwa na mabwana mifugo, mapadri na watu wa misaada. Gurudumu la mbele kubwa, tumbo la injini liko juu, mlio wake unasikika kabla ya vumbi halijaonekana. Kwa mtoto wa kaskazini aliyekua akiona chombo hicho kikija na sindano za ng'ombe au na barua ya serikali, pikipiki ndefu ndiyo pikipiki. Nyingine ni viti vyenye injini. Siku hizi kuna za Kichina zenye umbo hilo hilo, na kuna za Kijapani zilizotumika. Nyingi katika zile za zamani hunywa petroli na oili pamoja, na kipuri kimoja kikivunjika huenda ukakitafuta hadi Nairobi, mwendo wa kilomita karibu 280.

Nilimwona mjini Isiolo kijana wa Leparua akiwa amesimama baina ya vyombo hivyo viwili, na mjomba wake yuko kando na fimbo yake. Fedha ilikuwa ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa nyumba nzima. Kijana alitaka ile ndefu, nyekundu.

"Mjomba, hii ikipita watu watageuka."

"Wakishageuka watakulipa?"

Sote tuliokuwapo tulicheka, nami nilidhani mashauri yamekwisha. Yule kijana hakucheka. Akasema kwa adabu, macho chini: "Mjomba, yule fahali wako wa madoa ulimweka miaka mingapi? Na maziwa hakutoa."

Mzee hakujibu. Alikwenda akaishika tena ile pikipiki nyekundu, akaitazama kwa namna nyingine.

Jibu hilo la kijana limenishughulisha tangu siku hiyo, kwani lilikuwa la haki. Miongoni mwa Waturkana mwanamume huwa na ng'ombe dume wake mpenzi, humkunja pembe kwa urembo, humwimbia, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina la ng'ombe huyo. Wamasai na Wasamburu wana maneno ya rangi na madoa ya ng'ombe ambayo Kiswahili chetu, pamoja na utajiri wake, hakiyafikii. Wasomali wamemtungia ngamia mashairi ambayo sisi tungemtungia mchumba. Watu hawa hawakuwahi kutenga mali ya kufaa na mali ya kupendeza. Mnyama aliyependwa ndiye aliyelindwa usiku na kutafutiwa maji mbali.

Nasi wa pwani tusijifanye wenye akili kavu. Nani aliyemwambia fundi wa jahazi achore macho kwenye omo? Hayaoni mwamba. Kanga ingesitiri vile vile bila ya jina, lakini mwanamke gani wa Mombasa au Unguja atanunua kanga asiyosoma maneno yake kwanza? Na tazama pikipiki za Likoni au Malindi, zilivyovishwa mashada na vioo na maandishi ya Mashallah. Kule Lamu Mji wa Kale, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, wakuu wamejaribu kuzizuia pikipiki zisiingie vichochoroni, nayo ni hoja ya uzuri vile vile, ila uzuri wa mji.

Kwa hiyo sikubaliani na wale washauri wa mijini wanaomwambia mtu wa Leparua kwamba roho yake ni ya kitoto na bora ahesabu tu senti za petroli. Chombo kisichopendwa hakioshwi, cheni haitiwi mafuta, na pancha hupigwa kiraka cha haraka haraka. Mapenzi nayo ni sehemu ya matengenezo.

Lakini hapa ndipo mfano wa fahali unapovunjika, na ndipo nilipotaka kufika. Fahali wa madoa hakutoa maziwa, ni kweli, ila alipanda majike. Zizi lote lilikuwa na damu yake. Pikipiki haizai. Tangu saa ile inapotoka dukani inazeeka. Tairi linaliwa na mawe, cheni inaliwa na mchanga, bei inashuka kila mwezi. Mfugaji amezoea mali ambayo mvua moja nzuri huiongeza mara mbili akiwa amelala, na mapenzi yake yamejengwa juu ya mali ya namna hiyo. Anapoyahamishia kwenye chuma mapenzi yale yale, bila ya kugeuza hesabu, ndipo nyumba inapobaki na mifupa ya pikipiki mahali palipokuwa na ng'ombe wanne.

Na mara nyingi si ng'ombe wanne tu, bali na deni juu yake. Wengi hununua kwa mkopo: malipo ya mwanzo, kisha kila siku au kila wiki kiasi fulani, kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka jumla inapita mbali bei ya fedha taslimu. Ndani ya pikipiki hufichwa kidude cha kuonyesha ilipo, na mwenye kukosa malipo huamka akakuta imechukuliwa. Kwa Mwislamu kuna zaidi ya hasara ya dunia, maana ziada hiyo juu ya mkopo ni riba, na Waislamu wa Isiolo wanalijua hilo kama tulijuavyo sisi. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, nazo huuza kwa murabaha, yaani benki hukinunua chombo kwanza ikawa chake, kisha ikakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Njia ni nzuri, lakini benki hupenda mtu mwenye mshahara na hati. Mtu ambaye hati yake ni alama ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe huona vigumu kuingia mlango huo. Basi huko nyuma kwenye duka la mkopo wa rahisi, ndiko roho hupewa uhuru wote: chukua unayoipenda, utalipa kidogo kidogo.

Wengine husema jawabu ni kurudi kwenye baiskeli. Kuna shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, ambalo limeleta Kenya baiskeli za chuma kizito ziitwazo Buffalo, zenye kerieri ya kubeba kilo mia moja. Kwa mwanafunzi wa Leparua anayetembea saa mbili kwenda shule, nadhani hakuna chombo chenye akili kuliko hicho, na hakinywi petroli. Ila kwa kijana anayetaka kuoa ni vigumu kumshawishi, na mwenye kumcheka naye akumbuke alivyokuwa ujanani. Wengine hutaja za umeme. Septemba 2023 Rais William Ruto alikuja kuzizindua pale Mombasa, na mjini zinafaa, kwani betri ikiisha unabadilisha kituoni. Katikati ya laga, jioni, ndovu wako mbele na kituo hakipo, ni habari nyingine.

Mimi ningeulizwa ningesema Boxer au TVS, na fedha iliyosalia iingie katika helmeti mbili, tairi zenye meno, na ndama mmoja jike. Kisha mwenyewe aipambe atakavyo, aipe na jina la fahali akitaka.

Yule kijana na mjomba wake walibishana mpaka adhuhuri, na wapita njia wakatoa maoni yao bila ya kuombwa. Jambo moja halikusemwa na mwanamume yeyote pale, nami nililisikia kwa mama mmoja muuza maziwa aliyekuwa amekaa kivulini na madumu yake akingoja usafiri. Alisema zile ndefu hazipandiki. Mwanamke mwenye mimba, au mwenye mtoto mgongoni na shuka au buibui mwilini, hawezi kuurusha mguu juu kiasi kile. Hukaa upande, na kwenye laga ya kwanza huanguka. Kiti chenyewe ni kifupi, kimetengenezwa kwa mtu mmoja. Akasema mwaka jana jirani yake alishikwa na uchungu usiku, na chombo kilichokuwa karibu kilikuwa hicho kirefu. Wakamshusha, wakaenda kugonga mlango wa mwenye Boxer.