Choo Kigumu: Dawa Isitangulie Uchunguzi

Mgonjwa wa choo kigumu kisiwani Mafia huweza kufika zahanati akiwa amekwisha kujitibu kwa mapapai, maji mengi na sanamaki. Akiandikiwa dawa nyingine ya kulainisha choo, swali moja hubaki bila kuulizwa: je, choo ndicho kigumu, au njia ya kutokea haifunguki?

Mtu anapokwenda haja kubwa, misuli ya tumbo husukuma, nayo misuli ya sakafu ya nyonga hulegea. Kwa baadhi ya watu mpango huo hupinduka: wanaposukuma ndipo wanapobana. Hukaa chooni muda mrefu, hujikamua, na hutoka wakihisi hawajamaliza, hata choo kikiwa laini.

Tiba ya tatizo hilo ni mafunzo yaitwayo baiofidibaki. Kipimo chembamba huwekwa katika njia ya haja kubwa, na kwenye skrini mgonjwa huona misuli yake ikibana au ikilegea. Hujirekebisha mwenyewe, na baada ya vikao kama 4 hadi 6 mwili huanza kuzoea. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha mafunzo hayo na dawa ya kulainisha choo kwa wagonjwa 109 wa aina hii. Baada ya miezi 6, asilimia 80 ya waliofunzwa walipata nafuu kubwa; kwa waliotumia dawa, ni asilimia 22 tu.

Mashine hiyo haipatikani kila mahali, na safari ya kutoka Kilindoni kuvuka hadi Nyamisati, kisha kwenda Dar es Salaam, ina gharama zake. Lakini uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine: watosha kidole chenye glovu. Mgonjwa akiambiwa asukume, mtoa huduma huhisi kama misuli inalegea au inabana. Hapo hapo aweza kumwelekeza namna ya kupumua, kusukuma taratibu na kulegeza.

Kizuizi kikubwa ni haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mgonjwa hawezi kufunua asichoombwa kwa heshima. Uchunguzi ufanyike faraghani, kwa ridhaa yake, na mwanamke awe na mwanamke mwenzake.

Mwenye damu kwenye choo, anayepungua uzito, mwenye upungufu wa damu, au ambaye choo chake kimebadilika baada ya umri wa miaka 50, apewe rufaa bila kuchelewa. Wengine nao wastahili kuchunguzwa kwanza, kabla ya kuongezewa chupa nyingine ya dawa.