Fungu la Nyanya si Ujinga

Imekuwa desturi ya washauri wetu wa mambo ya fedha, redioni na katika semina, kumkaripia mama wa nyumbani anayenunua nyanya za siku moja, mafuta ya kupimiwa na sukari ya robo kilo. Humwambia kwamba kununua kidogokidogo ni ghali, na kwamba mwenye akili hununua kwa jumla mara moja kwa mwezi. Hesabu yao ni sahihi kwa mtu aliyeegesha gari nje ya soko. Kwa wengine wote ni matusi.

Tuitazame kaya ya Walukuba, Jinja, mtaa uliojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Soko Kuu liko katikati ya mji. Tuseme bodaboda ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, na mzigo ukiwa mkubwa dereva ataongeza bei. Aliyeokoa shilingi 3,000 kwa kununua kwa jumla amekwisha kupata hasara kabla ya kufika mlangoni kwake. Tena nyanya za wiki nzima ataziweka wapi? Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954 katika mji huohuo, lakini hadi leo jokofu ni chombo cha wachache. Mama huyu anajua hesabu kuliko mshauri wake, kwa kuwa anaingiza ndani yake nauli, uozo na uchovu wa mgongo.

Ndiyo maana kaya zisizo na gari huishi kwa soko la jioni la kando ya barabara, lile ambalo kwa Kiganda huitwa toninyira, yaani onyo kwa mpita njia asikanyage bidhaa zilizotandazwa chini. Hapo mtu hununua akirudi kazini kwa miguu. Bei hushuka giza linapoingia, maana muuzaji hataki kulala na dodo lililonyauka. Mteja wa kila siku hupewa nyongeza (neno hili Waganda nao hulitumia kwa maana ileile), na siku akipungukiwa hukopeshwa. Duka kubwa lenye mashine ya risiti halimkopeshi mtu fungu la mukene.

Julai 1, 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi na kuwa majiji. Nililifurahia jambo hilo. Lakini pamoja na hadhi ilikuja fikra kwamba jiji ni mahali pasipo na mtu aliyeketi chini akiuza vitunguu. Kampala ilipowafukuza wachuuzi wa barabarani Januari 2022, walikuwapo wengi waliotamani nasi tufuate mfano huo. Wachuuzi wahamie masokoni, wanasema, majengo yapo. Ni kweli yapo: Soko Kuu la Jinja na la Mbale yalijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ni majengo mazuri. Ila mwanamke wa Namatala mwenye mtoto mgongoni hatavuka mji mzima usiku na kupanda ngazi kwa ajili ya fungu moja la dodo. Ukimhamisha muuzaji, umemwongezea mnunuzi nauli, na kodi hiyo haikupigiwa kura na diwani yeyote.

Tumesahau upesi. Machi 2020, wakati wa korona, bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, kisha magari binafsi yakazuiwa. Kwa majuma kadhaa kila mtu, hata mshauri wetu wa fedha, akawa mtu asiye na gari. Wakati ule hakuna aliyemwita uchafu mama aliyeuza viazi karibu na nyumba yake.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito: mwenye kibanda sokoni analipa ushuru na kodi ya pango, ilhali wa barabarani anauza bure mbele ya wateja walewale. Hiyo ni dhuluma, sikatai. Basi wa barabarani naye alipe kidogo, apewe mahali palipochorwa mbali na mtaro, na saa zake, tuseme saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, na pipa la taka. Kumfukuza hakumrudishii mwenye kibanda mteja ambaye hakuwa na nauli ya kumfikia.

Kwa upande wa kununua kwa jumla, lipo linalowezekana, lakini si kwa mtu mmoja. Vitu visivyooza, yaani unga wa posho, maharage, chumvi na sabuni, majirani watano wanaweza kuchanga wakanunua gunia, wakakodi bodaboda moja ya mizigo, kisha wakagawana uani kwa kipimo kilekile mbele ya wote. Mweka fedha asiwe mpimaji. Mboga, samaki na nyanya zibaki za kila jioni.

Jiji hutakiwa kuandaa mkutano wa bajeti kila mwaka. Muulize mwenyekiti wako wa LC1 lini utafanyika, kisha uende na maswali mawili: katika kata yetu, soko la karibu liko umbali gani kwa miguu? Na fedha za taa na choo cha soko la jioni zimeandikwa ukurasa wa ngapi?