Unalipia Rangi, Unaletewa Moyo Mgonjwa

Wasee, leo tuongee kuhusu huyu mbwa mnamposti kila wiki. Yule mdogo, masikio marefu yenye manyoya, macho makubwa kama ya mtoto anayengoja chapati itoke kwa moto. Anaitwa Cavalier King Charles Spaniel, wa Uingereza. Kila video yake ikitoka, komenti ni zile zile: "Hiyo rangi inaitwa aje? Ni adimu? Ni pesa ngapi?" Hakuna anayeuliza moyo wake uko aje. Hakuna hata mmoja.

Na moyo ndio unamuua.

Lakini tuanze na hiyo rangi mnayoipenda, ndio muone vile mnachezwa.

Cavalier ana rangi nne tu zinazokubalika. Blenheim ni mweupe mwenye mabaka mekundu-kahawia. Wa rangi tatu ni mweusi na mweupe, na kahawia kidogo juu ya macho na kwa mashavu. Kuna mweusi mwenye kahawia, bila weupe. Halafu kuna rubi, mwekundu mwili mzima. Basi. Na hizo nne zote zinatoka kwa swichi mbili za jeni. Swichi ya kwanza inaamua kama atakuwa mweusi-kahawia au mwekundu. Ya pili inaamua kama rangi itafunika mwili wote au itakatwa na weupe. Mbili mara mbili, nne. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili, si muujiza.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii rangi hutaipata kwingine," anakuuzia swichi. Wekundu unahitaji jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, na weupe vile vile. Ndio maana Blenheim wawili wakizaana wanatoa Blenheim tu. Mtu akikuambia wake wawili wamezaa mtoto wa rangi tatu, muulize pole pole baba halisi ni nani.

Na kuna wale wanauza "Cavalier" wa merle, ile rangi ya kijivu yenye madoa kama wino umemwagika. Buda, merle haiko kwa Cavalier. Ukiiona, kuna damu ya mbwa mwingine hapo. Kuchanganya damu si dhambi, lakini kuita mchanganyiko "adimu" na kupandisha bei ni wizi wa mchana. Mbaya zaidi, ukizalisha merle wawili pamoja, mtoto anayepata jeni hiyo pande zote mbili yuko kwa hatari kubwa ya kuzaliwa kiziwi, au na macho mabovu. Yote hiyo ndio picha ipendeze.

Sasa, huu wazimu wa rangi haukuanza na simu zenu. Kuna hadithi Waingereza husimulia kuhusu doa jekundu katikati ya kichwa cha Blenheim. Wanasema mwaka wa 1704, Duke wa Marlborough akiwa vitani Blenheim, mkewe Sarah alikaa akingoja habari huku akibonyeza kidole gumba kwenye kichwa cha mbwa wake mjamzito. Watoto wakazaliwa na alama ya kidole. Tamu sana. Ni hadithi tu, jeni hazifanyi kazi hivyo.

Lakini doa likawa kitu. Mwaka wa 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, alitoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya Crufts kwa mtu atakayeleta spanieli wa zamani kama wale wa michoro ya enzi za Mfalme Charles wa Pili. Masharti? Uso mrefu, kichwa bapa, na doa katikati ya fuvu. Soma tena. Mbwa anatafutwa afanane na picha. Mwaka wa 1928 klabu ikaanzishwa, na mbwa mmoja Blenheim, Ann's Son, akawa mfano wa kufuatwa. Aina nzima ikajengwa kutoka kwa kundi dogo la mbwa, na kundi likiwa dogo, magonjwa ya familia yanazunguka humo humo.

Hadi leo, kanuni za maonyesho zinasema weupe kwa rubi hautakiwi. Yaani rubi akizaliwa na kidoa cheupe kifuani, anashuka thamani. Kidoa ambacho hakimuumizi hata kidogo! Kanuni zina macho makali kwa manyoya. Kwa kifua chenyewe, zimelala.

Na kifuani ndiko kuna maneno. Cavalier wana ugonjwa wa vali ya mitrali. Vali inaharibika, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma, moyo unafura kwa kulazimishwa, na mwishowe maji yanajaa kwenye mapafu. Takriban nusu yao wakifika miaka 5 daktari wa mifugo tayari anasikia sauti mbaya kwenye moyo. Wakifika 10, karibu wote. Ndio ugonjwa unaoongoza kuwaua. Wengine fuvu ni dogo kuliko ubongo, maji yanatengeneza mifuko kwenye uti wa mgongo, na mbwa anakuna hewa karibu na shingo kwa maumivu. Nyinyi mnaweka emoji ya kucheka: "Ona anacheza gitaa!" Manze, hiyo si gitaa.

Blenheim anaugua. Rubi anaugua. Wote wanne. Hakuna rangi ya kukimbilia.

Norway walichoka. Chama cha kutetea wanyama kilipeleka wafugaji kortini, na Oktoba 2023 Mahakama ya Upeo ikakubali: kuendelea kuzalisha Cavalier kwa Cavalier ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Ukitaka kuendelea, changanya na aina nyingine kwa mpango wa kisayansi. Mahakama haikujali doa liko katikati au liko kando.

Najua mtaniambia, "Pesa ni yangu, kila mtu na anachopenda." Sawa. Lakini pesa yako ndiyo inaamua mbwa gani atazaa kesho. Ukilipia rangi, mfugaji atachagua wazazi kwa rangi. Ukilipia moyo, atachagua kwa moyo. Na mwingine atasema, "Si wote hufa tu mwishowe?" Ndio, lakini si wote hufa wakitafuta pumzi kwa sababu sisi tulitaka doa.

Kwa hivyo ukitaka mbwa huyu kweli, uliza hivi. Wazazi wamefika miaka miwili na nusu kabla ya kuzalishwa? Mioyo yao imepimwa na daktari, karatasi ziko wapi? Babu na bibi zake wakiwa na miaka 5 mioyo ilikuwa safi? Fuvu na shingo zimepigwa picha? Muuzaji akijibu kwa kukutumia picha zaidi za manyoya, ondoka. Na wale tuna wafuasi, tuache kuandika "rangi adimu" chini ya video. Kila tukiandika hivyo, tunamfanyia muuzaji tangazo la bure.

Manyoya unayaona siku ya kwanza. Moyo utauona ukiwa umeshampenda, na hapo hakuna rangi itakusaidia.