Somo la Jani la Mgomba

Miraa hunyauka upesi. Kwa hiyo Wameru wa Nyambene huichuma, wakaifunga majani ya mgomba na kuikimbiza kwa gari, ikamfikia mnunuzi wa Mombasa ingali mbichi. Muguka wa Mbeere, Embu, nao huja vivyo hivyo, kwa bei ya mnyonge. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku. Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo.

Mimi siyasifu majani yanayotupotezea vijana. Naisifu mbinu ya muuzaji: amejua udhaifu wa bidhaa yake, akamfuata mnunuzi. Muuza halua wetu je? Amekaa barazani, angoja kufuatwa. Riziki huombwa, lakini pia huendewa.