Pointi au kalori? Hesabu ianzie dukani

Baada ya darsa ya akina mama hapa Kiwangwa, mama mmoja mwenye maradhi ya kisukari alinitolea simu yake. Bintiye aliyeko Muscat amemwekea programu ya kupunguza uzito, ya aina ile ambayo kila chakula hupewa pointi, na mtu hupangiwa idadi ya pointi asizotakiwa kuzivuka kwa siku. Akaniuliza: "Ustadhi, humu imeandikwa matunda hayana pointi, ni bure. Na daktari ameniambia nipunguze kilo. Sasa nanasi zima nile?"

Nilimjibu: "La, mama, zima usile." Lakini jibu la mara moja halikidhi haja. Pale pale akina mama wengine wawili walidakia, mmoja akidai kwamba pointi ni biashara tu na mtu ahesabu kalori, mwingine akisema kalori ni mambo ya Wazungu wenye mizani jikoni. Kwa kuwa nanasi ndilo zao tunalojulikana nalo, na lundo lake liko kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata kila msimu, nimeona suala hili lina haki ya kuandikiwa kwa utulivu.

Wala si suala la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionesha kuwa wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ukakuta 28. Huo ni muda wa miaka mitano tu. Nyuma ya namba hizo kuna kisukari, presha na magoti yasiyokubali tena kusujudu bila kiti.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, ndiye aliyeifanyia kazi kubwa mwishoni mwa karne ya 19, akamfungia mtu ndani ya chumba maalumu na kupima joto analotoa. Kutokana na kazi yake tumerithi hesabu inayotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu kilichowafundisha akina mama wa kawaida kuitumia hesabu hiyo mezani. Kwa hiyo kuhesabu kalori kwa ajili ya kupungua ni jambo lenye zaidi ya miaka 100.

Pointi ni mtoto wa juzi. Kampuni ya Weight Watchers ndiyo iliyozileta nchini Marekani mwaka 1997, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa hivi: chukua kalori za chakula, gawanya kwa 50, ongeza gramu za mafuta zilizogawanywa kwa 12, kisha punguza kidogo kwa ajili ya nyuzinyuzi. Msomaji ataona kuwa pointi ni kalori ile ile iliyovalishwa kanzu nyingine. Faida yake ni kwamba mtu hahangaiki na mamia na maelfu, bali na namba ndogo za kuhesabika kwa vidole.

Lakini kanzu hiyo ina mshonaji, na mshonaji ana maoni yake. Tuchukue kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, chenye kalori 120 hivi, na kikombe cha chai chenye vijiko vidogo vinne vya sukari, chenye kalori 64 hivi. Kwa kalori, mafuta yanazidi chai karibu mara mbili. Kwa kanuni ya 1997, mafuta yanapata pointi tatu na nusu na chai pointi moja na kidogo, yaani karibu mara tatu. Kwa nini? Kwa sababu miaka ile mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiogopwa, na sukari ilisamehewa. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ikaibadili kanuni, sukari ikaanza kuadhibiwa na protini ikapewa ahueni. Chakula hakikubadilika, aliyebadilika ni mtunga kanuni. Mgonjwa wa kisukari wa Kiwangwa angeishika kanuni ya 1997 kama alivyoelekezwa, angejiona mshindi huku akikoroga vijiko vinne.

Na nanasi je? Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni iliamua matunda mabichi yahesabiwe sifuri. Hoja yao inaeleweka: kule mtu akila tufaha badala ya biskuti amefanya vyema, na ni vigumu kunenepa kwa tufaha. Anayenunua kipande cha nanasi ndani ya kiboksi cha plastiki hawezi kudhurika sana na sifuri hiyo. Sisi tunakaa penye shamba. Gramu 100 za nanasi zina kalori 50 hivi na sukari gramu 10 hivi. Nanasi kubwa likitoa kilo moja ya kuliwa, hizo ni kalori 500 na sukari gramu 100, sawa kwa kalori na ugali wa gramu 140 za unga mkavu. Hakuna mwenye akili anayeuita ugali huo bure. Basi mama yangu ale kipande kimoja au viwili kwa wakati, alitafune wala asilikamue juisi, na apime sukari yake kama alivyoelekezwa na wauguzi. Sifuri ya programu ile haikuandikwa kwa ajili ya watu wenye mananasi uani.

Sitaki lakini ieleweke kuwa pointi hazina maana. Kuna jambo katika historia ya kampuni hiyo ambalo wauzaji wa programu za simu hawalisemi. Mwanzilishi wake, Jean Nidetch, alikuwa mama wa nyumbani wa Queens, New York, mwenye uzito wa kilo 97 hivi. Mwaka 1961 aliwaalika nyumbani kwake marafiki sita wenye shida kama yake, wakawa wanakutana kila wiki. Mwaka 1963 ikawa kampuni. Pointi zilikuja miaka 34 baadaye! Kilichowapunguza watu muda wote huo kilikuwa kikao, mizani, na aibu njema ya kurudi wiki ijayo mbele ya wenzako.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la tiba la Lancet uliwafuatilia watu wazima 772 wa Uingereza, Ujerumani na Australia. Waliopelekwa kwenye vikao vya Weight Watchers walipungua kilo 5 hivi kwa mwaka. Waliopata ushauri wa kawaida wa zahanati walipungua kilo 2 na robo hivi. (Utafiti huo uligharimiwa na kampuni yenyewe, msomaji aliweke hilo akilini.) Mwingine wa Boston, wa mwaka 2005, uliwagawa watu 160 katika taratibu nne tofauti za kula, pointi zikiwa mojawapo. Baada ya mwaka taratibu zote nne zilikuwa na wastani wa kilo 2 hadi 3 tu, na aliyepungua zaidi ni yule aliyeshikamana na utaratibu wake, uwe upi uwao. Kwa maoni yangu ugomvi wa pointi na kalori unamalizikia hapo. Linalobaki ni kujua ni hesabu gani mtu wa kwetu anaweza kushikamana nayo.

Hesabu ya sahani, kwa kalori au kwa pointi, inatushinda kwa sababu moja iliyo wazi: wengi wetu hatuna sahani. Tunakula kwenye sinia. Watu watano wamezunguka ubwabwa wa nazi, mkono wa huyu unakwenda haraka kuliko wa yule. Nani atajua kaingiza gramu ngapi? Muhogo wa shambani hauna kibandiko cha kalori. Mpishi naye hutia mafuta kwa jicho, na tui la leo si zito kama la jana. Si kwamba takwimu hazipo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Harvard, walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, na humo yamo mapishi yetu. Jedwali lipo, sinia ndilo lisilopimika.

Lakini kipo kinachopimika: kapu la dukani. Aliyewahi kununua vitu vya futari ya pamoja anajua kwamba watu huhesabiwa kwa kilo na lita kabla hata jiko halijawashwa. Basi tufanye hivyo nyumbani. Lita moja ya mafuta ina kalori 8,000 hivi. Nyumba ya watu sita ikiimaliza kwa siku tatu, kila mmoja amekula kalori 440 hivi kwa siku kwa mafuta peke yake, karibu sawa na sahani ya wali mtupu. Kilo ya sukari ina kalori 3,900 hivi. Ikiisha kwa siku tatu, ni kalori 215 hivi kwa kila mtu kwa siku. Sasa nyumba hiyo iamue kwamba lita hiyo na kilo hiyo zitafika siku ya tano. Kila mmoja amepunguziwa takriban kalori 260 kwa siku, na hakuna aliyepima tonge. Anayenunua mafuta ya kupima kila jioni aandike tu vipimo vya wiki nzima kwenye daftari. Asipoandika ataapa kwamba hatumii mengi.

Watoto wadogo wasiingizwe katika upunguzaji huo. Wao wanakua, na nafasi ya mafuta ya kukaangia ijazwe kwa yai, dagaa, karanga au parachichi.

Kwa yule mmoja aliyeambiwa na daktari apungue, apakuliwe pembeni kwa upawa ule ule kila siku. Haimvunjii mtu heshima kula sahani yake mkekani pamoja na wenzake. Hapo sasa pointi zinafaa, ila ziwe zetu. Tukifanya pointi moja kuwa kalori 50, vijiko vidogo vitatu vya sukari ni pointi moja. Kipande cha nanasi cha gramu 100 ni pointi moja. Gramu 100 za wali mtupu ni pointi mbili na nusu. Kijiko cha chakula cha mafuta vilevile ni pointi mbili na nusu. Chapati nimeiacha makusudi, kwa kuwa chapati ya kila nyumba ina mafuta yake. Darsa ya akina mama, au kikoba kinachokutana kila wiki kwa ajili ya fedha, kinaweza kununua mizani moja, kikamwita mhudumu wa afya asaidie kuandika karatasi ya pointi za vyakula vya hapa, na kila mkutano wanachama wakapanda mizani. Gharama yake haifiki malipo ya baadhi ya hizi programu za simu. Na hata kampuni yenyewe mwezi Mei 2025 ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, huku sindano mpya za kukata hamu ya kula zikiwavuta wateja. Anayelipia asidhani ananunua kitu cha milele.

Yapo mawili yatakayowakwamisha akina mama hata wakiwa na mizani. La kwanza ni maneno ya watu. Pwani yetu unene wa mke ni sifa kwa mume, na tangu UKIMWI ulipogundulika Kagera mwaka 1983, anayekonda hutazamwa kwa shaka. Mama anapungua kilo nne kwa juhudi, jirani anauliza kwa sauti ya chini, "Yule ana nini?" Majirani tuwe na haya.

La pili ni sisi waume. Mke hawezi kuifikisha lita siku ya tano ikiwa mume anataka chapati asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, na chai isiyo tamu anaiita ya msibani. Wala kitambi hakichagui jinsia, hasa tangu bodaboda ianze kutuchukua hata kwenda shamba ambako baba zetu walikwenda kwa miguu. Anayeshika fedha ya mafuta ndiye anayeshika hesabu hii.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, kwani dawa inaweza kuhitaji kupunguzwa pia. Akitetemeka, akatokwa jasho jingi au akachanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka. Apewe kitu cha sukari hapo hapo, na asipopata nafuu awahishwe kituo cha afya. Akihisi usingizi mzito au hajitambui, asilishwe kitu mdomoni, apelekwe mara moja. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze hesabu hizi kwa ajili ya kupungua ila kwa maelekezo ya kliniki. Na mwenye kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani aende kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, asingoje siku ya mfungo wa kwanza.