Jibu Likisha Kutajwa

Bila shaka, msomaji, umewahi kuketi jioni katika mchezo wa vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na wenzake huitika, "Tega!" Naye hutega: nyumba yangu haina mlango. Wenzake hufikiri, hubahatisha, hushindwa, na mwisho humpa mji. Akiisha kuutwaa mji wake hulitaja jibu: "Yai." Papo hapo wote hucheka, na kila mmoja huapa ya kuwa jibu hilo lilikuwa ulimini mwake, lilibaki kutamkwa tu.

Uongo huu haumdhuru mtu, kwa sababu mji umekwisha kutolewa kabla ya jibu kutajwa. Lakini yuko mtegaji mmoja ambaye hulazimishwa kutaja jibu lake kwanza, kisha ndipo aombe mji. Mtegaji huyo ni mvumbuzi, na mji wake ni hataza.

Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze, wasiutumie wala wasiuuze uvumbuzi wa mtu bila idhini yake. Katika Kenya haki hii hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Anayeiomba hana budi kuueleza uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, hata fundi mwingine aweze kuutengeneza. Kisha mkaguzi huyalinganisha maelezo hayo na mambo yaliyojulikana zamani, akauliza maswali matatu. Je, kitu hiki ni kipya? Je, chaweza kufaa katika kazi za viwanda? Na je, ndani yake mna hatua ya uvumbuzi, au ni jambo ambalo lingalikuwa wazi kwa fundi yeyote wa kazi hiyo? Swali la tatu ndilo lenye miba. Mkaguzi huulizwa kama kitendawili kilikuwa kigumu, ilhali jibu lake limekwisha kuwekwa mbele ya macho yake.

Nasema bila kuficha: anayeamua kwamba jambo lilikuwa wazi kwa sababu tu sasa analiona wazi, humdhulumu mvumbuzi. Atakaye kulihukumu jambo na alete ushahidi wa zamani. Asilete akili yake ya leo.

Tuchukue mfano wa kitu ambacho huenda kimo katika ofisi ya shule yako. Iko mashine ya kupiga chapa isiyo na herufi za chuma wala haigongi karatasi. Huirushia karatasi matone ya wino yaliyo membamba kuliko unywele. Kiungo kitendacho kazi hiyo huitwa kichwa cha kupigia chapa. Katika aina moja ya kichwa hicho mna vyumba vidogo sana vya wino, na kila chumba kina tundu lake na kibamba chake cha kupashia joto. Umeme hupita katika kibamba kwa muda usiofika sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Wino unaokigusa hupata joto la digrii 300 hivi, ukageuka mvuke ghafula. Kiputo cha mvuke huvimba na kuusukuma wino uliobaki, na tone likaruka kutoka tunduni. Kisha kiputo hunywea, wino mwingine hujaa, na kazi huanza upya, maelfu ya mara katika kila sekunde.

Sasa msikilize mpinzani wangu. "Ni nini kipya hapa?" huuliza. "Wino ni wa kale, na tundu ni la kale. Kwamba umeme hupasha chuma joto, kila mtoto ajua. Kwamba mvuke huinua kifuniko cha sufuria, nyanya yangu alijua jikoni mwake. Changanya vitu hivyo vinne, umekwisha kupata kichwa cha kupigia chapa. Mwenye macho haambiwi tazama!"

Maneno haya ni matamu, na utamu wake ndio hatari yake. Mimi namwuliza: ikiwa jambo lilikuwa wazi hivyo, mbona lilikawia? Mtaalamu wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliandika juu ya namna mkondo wa maji unavyokatika kuwa matone katika mwaka wa 1878. Mwaka 1951 Elmqvist, wa kampuni ya Siemens, alipata hataza ya Marekani ya chombo cha kupimia kilichoandika kwa mkondo wa wino. Mwaka 1972 Zoltan alipata hataza ya kurusha matone kwa kauri inayobadilika umbo ikipitishiwa umeme. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na wino, walikuwa na matundu, walikuwa na umeme, na bila shaka majumbani mwao maji yalichemka kila asubuhi. Hata hivyo njia waliyoifuata haikuwa ya kiputo.

Mpinzani mwenye elimu atanijibu kwamba katika mwaka wa 1965 hataza moja ya Marekani ilikwisha kueleza mashine ya kupiga chapa kwa mvuke wa ghafula. Ni kweli, nami namshukuru kwa kuileta, maana hiyo ndiyo hoja ninayoitaka. Huo ni ushahidi wa zamani, wenye tarehe yake. Kwa sababu yake, yeyote aliyekuja baadaye asingalistahili kuihodhi fikira nzima ya kurusha wino kwa mvuke. Lakini ushahidi huo hupimwa kwa yale unayoyasema, wala haunyoshwi ukafunika kila kitu kilichozuliwa baadaye.

Yapi basi yalikuja baadaye? Katika mwaka wa 1977 huko Japani, katika kampuni ya Canon, Ichiro Endo aliona chuma cha moto cha kulehemia kikigusa sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka. Karibu na wakati huo, katika kampuni ya Hewlett-Packard huko Marekani, John Vaught alikuwa akitafuta njia kama hiyo, naye husimuliwa kwamba birika la kahawa, lile ambalo maji ya moto husukumwa yapande bombani, ndilo lililompa fikira. Tena kuona wino ukiruka kulikuwa mwanzo wa taabu tu. Kila kiputo kinaponywea hukipiga kibamba mithili ya nyundo ndogo, na wino unaoungua huacha masizi juu yake. Ilibidi kibamba kivishwe ngozi ya madini magumu, na kampuni ya Hewlett-Packard ikaongeza shauri jingine: kichwa kifanywe kwa gharama ndogo, kiunganishwe na kifuko cha wino, na wino ukiisha vyote viwili vitupwe pamoja. Mashine yao ya kwanza ya namna hii, ThinkJet, ilitoka mwaka 1984 ikiwa na matundu 12. Kutoka sindano ya Endo hata mwaka huo ni miaka saba, nayo ilikuwa miaka ya watu hodari wenye vyombo na fedha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo mpinzani hushika tawi jingine. "Watu wawili waliliona jambo moja karibu wakati mmoja," asema. "Je, si dalili kwamba embe lilikuwa limeiva, lingaliangukia mkono wowote?" Hoja hii ina uzito, na mkaguzi mwadilifu huitia katika mizani. Lakini sheria haiulizi kama mabingwa wawili wangaliweza. Yauliza habari za fundi wa kawaida. Na ikiwa bingwa mmoja alihitaji ajali ya chuma cha moto ili afumbuliwe macho, ni vigumu kuamini kwamba fundi wa kawaida alikuwa akiliona jambo hilo kila siku.

Usidhani, msomaji, kwamba nataka kila aombaye apewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hataza ikitolewa ovyo huwa ushuru juu ya shingo za watu. Mtu aliyeongeza matundu kutoka 12 hata 24, bila kutatua shida yoyote mpya iliyoletwa na wingi huo, amezidisha hesabu tu, hakuvumbua. Mwaka 1851 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa hataza ya vitasa vya milango vilivyofinyangwa kwa udongo badala ya kufanywa kwa chuma au mti, kwa kuwa kubadili kitu kimoja kwa kingine kilichojulikana ni kazi ya fundi yeyote stadi. Ilikuwa hukumu ya haki. Na kwa maendeleo madogo, sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2001 imeweka mlango mdogo: cheti cha miaka 10 kwa kitu kipya chenye manufaa, hata kama hakina hatua kubwa ya uvumbuzi.

Lakini tazama jinsi mahakama iyo hiyo ilivyofanya katika mwaka wa 1966. Siku moja iliamua mashauri mawili. La kwanza lilihusu plau: mtu alikuwa amebadilisha mpango wa vyuma vinavyoshika mguu wa plau ili usivunjike ukikutana na jiwe, kilichokuwa juu kikawa chini. Hataza ikabatilishwa. La pili lilihusu betri ya Adams, inayoamka ikitiwa maji. Sehemu zake zote zilijulikana zamani. Lakini Adams alipoileta kwanza, wataalamu wa serikali hawakusadiki kwamba ingeweza kufanya kazi; baadaye jeshi likaitumia. Basi serikali ikasimama mahakamani kudai kwamba jambo hilo lilikuwa wazi! Mahakama ikaukataa ukaidi huo, na hataza ya Adams ikasimama. Waliosema leo "haiwezekani" hawawezi kusema kesho "tulijua".

Hukumu hizo mbili hazipingani. Katika kila moja mahakama iliuliza yaliyojulikana kabla, tofauti ya kitu kipya, na ustadi wa fundi wa kawaida. Ikakubali pia kutazama kama wengine walijaribu wakashindwa, na kama haja ilikuwapo siku nyingi bila kutimizwa. Mwaka 2007 mahakama hiyo iliongeza kwamba fundi wa kawaida naye ana akili ya kuunganisha mambo, si mashine. Sawa. Lakini akili hiyo nayo ni ya siku ile ya zamani, na mkaguzi lazima aeleze sababu ambayo ingalimfanya fundi aunganishe. Sheria yetu nayo huuliza kama jambo lilikuwa wazi siku ya kupeleka ombi. Haisemi siku ya kulisoma.

Yakuhusu nini haya, wewe uliye bado darasani? Yakuhusu sana. Mimi ni mwalimu, na kila juma naliona jambo hili ubaoni. Darasa zima hunyamaza mbele ya hesabu. Mwanafunzi mmoja huinuka akaifumbua. Na kabla hajaketi, wenzake humdhihaki kwamba ilikuwa rahisi. Nimeona mtoto akirudi mahali pake ameinamisha kichwa, kana kwamba amekosa. Mtoto huyo kesho aweza kuwa fundi wa jua kali mwenye jiko bora au pampu bora, na wale wenzake waweza kuwa wakaguzi, mahakimu na wanunuzi wake. Wakiwa na tabia ile ile, watamnyang'anya jasho lake kwa neno moja la dharau, na anayemtazama hatajisumbua kuvumbua.

Kwa hiyo, siku nyingine usikiapo jibu na ulimi wako ukawashwa kusema, "Hilo hata mimi nilijua," jiulize kwanza ulikuwa wapi kitendawili kilipotegwa. Ukiweza kuonyesha kwamba ulijua, onyesha, na mji usitolewe. Usipoweza, mpe mtegaji mji wake.