Uvuguvugu wa Ziwa Usituhadae

Katika nchi za baridi, maji yenyewe humwambia mtu lini aogelee na lini akae mbali. Bwawa la kule likiganda wakati wa kipupwe, hakuna anayehitaji kukatazwa. Ziwa Victoria halitupi onyo la namna hiyo. Maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hivi mwezi Julai, na hufika 26 au 27 mwezi Machi. Tofauti ndogo ambayo mtoto anayejitosa ufuoni haijali. Kwa hiyo mkaazi wa Ukerewe, Ukara, Kome au Bumbire huingia majini mwaka mzima, wala hakuna siku ambayo ngozi yake humkataza. Kwa maoni yetu, uvuguvugu huo ndio unaotusahaulisha kwamba ziwa nalo lina misimu, na kwamba baadhi ya misimu hiyo huua.

Inafaa ikumbukwe kwamba ziwa letu ni bwawa pia. Tangu lambo la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa huko Jinja mwaka 1954, maji yanayotoka kwenda Mto Nile hupitia milango iliyojengwa na binadamu. Hata hivyo mwenye neno kubwa bado ni mvua. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 2020 likapita hata kiwango kile cha 1964. Kila mwaka pia maji huongezeka kwa mvua za masika, yakawa juu mwezi Mei na Juni. Ufuo aliouzoea mtoto mwezi Februari si ule atakaoukuta Juni, kwani mashimo yaliyochimbwa mchanga yamekwisha funikwa na maji. Pale mtu mzima anapofikiwa kiunoni, mtoto hufikiwa puani. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Halafu kuna upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuruga ziwa, maji ya chini yakachanganyika na ya juu, na fukwe zinazoukabili zikapigwa na mawimbi. Vuli na masika zinapofika, hatari hubadili saa. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na joto lake. Pepo za kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji, na dhoruba zenye radi huzuka usiku hadi asubuhi. Wakati huo huo, shule zetu hufungwa Juni na Desemba. Yaani tunawaachia watoto nafasi ya kwenda ziwani katika miezi ile ile ambayo ziwa halifai kuaminiwa.

Tena kuna adui asiyeonekana. Vimelea vya kichocho hutoka katika konokono wakati wa mwanga, na huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali, katika maji ya kina kifupi yenye majani. Mama akiambiwa asiende mchana kwa sababu ya kichocho, ataambiwa pia asiende alfajiri wala jioni kwa kuwa ni saa za viboko na mamba. Je, aende lini? Dawa hutolewa mashuleni, nasi tunaipongeza kazi hiyo, lakini mtoto anayemeza vidonge leo na kurudi katika maji yale yale kesho hana kinga.

Wako wanaosema kwamba dawa ya yote haya ni kuwakataza watu wasiingie ziwani. Usemi huo ni wa mtu mwenye bomba nyumbani. Kwa wengi wa visiwani, ziwa ndilo kisima, ndilo bafu na ndipo pa kufulia. Mtoto mwenye ndoo hakwenda kucheza, ametumwa. Suala la usalama wa muogaji visiwani ni, kwanza kabisa, suala la maji ya bomba.

Taifa lilijifunza kwa uchungu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Tangu hapo macho mengi yameelekezwa kwenye vyombo, na ni haki yawe hivyo. Lakini anayezama peke yake ufuoni hatajwi redioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Tunaiomba Serikali, kwanza, kupitia Wakala wa Maji Vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, ivipe vijiji vya ufuoni kipaumbele cha maji ya bomba. Wasidhaniwe kuwa wana maji kwa sababu tu wanayaona.

Pili, halmashauri za visiwani zifundishe watoto wa shule, wavulana kwa wasichana, kuelea, kuogelea, na kumwokoa mwenzao kwa kamba au mti bila kujitosa. Tunajua kwamba kuwaingiza katika maji yenye kichocho ni jambo la kufikiriwa. Lakini watoto hawa wamo majini tayari. Somo litawapeleka mahali palipochaguliwa, pasipo majani, saa ya asubuhi ambapo viboko wamekwisha tulia na jua halijapanda, sambamba na kupewa dawa.

Tatu, kila mwalo uwe na nguzo yenye alama za kina na bendera ya kupandishwa siku za upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Kilichobaki ni kumfikishia mwenye ndoo habari anayopata mwenye meli.

Wazazi nao hawana budi kuacha desturi ya kumwachia mtoto wa miaka minane kumlinda wa miaka mitatu ukingoni mwa maji.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, na siku hiyo huangukia katikati ya msimu wetu wa upepo. Hotuba zitatolewa. Sisi tungependa kabla ya hapo, shule zitakapofungwa mwezi Juni, nguzo ziwe zimesimama na bendera zinapepea katika kila mwalo.